Somo kwa Matawi: Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani



Katika matawi yetu mengi daftari la wanachama halikai tena kabatini. Linakaa ndani ya kompyuta, na kompyuta yenyewe aghalabu ni ya katibu au mtunza hazina, iko nyumbani kwake, na watoto huichezea jioni. Humo mna majina, michango, namba za simu na malalamiko ambayo wafanyakazi wametuletea kwa siri. Orodha hiyo ikiibiwa ikamfikia mwajiri, atakayeumia kwanza ni kibarua aliyejiunga juzi. Tena hapa Uganda Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde habari za watu tulizokabidhiwa.

Kwanza tuelewe kirusi ni nini. Ni programu iliyoandikwa na mtu kwa makusudi, nayo hujinakili kutoka mashine hadi mashine. Kile kilichoitwa Brain kiliandikwa na ndugu wawili mjini Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kikasafiri kwa disketi. Siku hizi vinasafiri kwa flashi, kwa barua pepe na kwa programu za wizi, na wanaoviandika wanatafuta fedha. Mwezi Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, ikimdai kila mwenye mashine dola 300 au zaidi ili afunguliwe. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha toa masahihisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huo huo, lakini mashine nyingi zilikuwa hazijayapokea. Jambo hili ni kubwa kuliko jina la kinga yoyote. Mashine isiyopokea masahihisho ni nyumba yenye askari mlangoni na dirisha wazi nyuma.

Sasa swali ambalo matawi yanatuuliza: tununue ipi? Jibu letu halitawafurahisha wauzaji. Kompyuta yenye Windows 10 au 11 ina kinga yake ndani, iitwayo Microsoft Defender, wala haidai malipo. Kwa kazi ya tawi inatosha, mradi haikuzimwa. Lakini mwenye Windows 10 ajue kwamba masahihisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yake inakubali Windows 11, aihamishe. Kama ni kuukuu, fundi mwaminifu anaweza kumwekea Linux, ambayo haina bei.

Tawi likiona bado lahitaji kununua, lisisome matangazo. Yapo maabara yanayopima programu hizi na kutangaza matokeo bure: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Tutazame humo ni ipi inayokamata virusi bila kuilemea mashine, maana kompyuta zetu nyingi ni za mkono wa pili na hazina nguvu. Halafu tuulize bei ya mwaka wa pili. Mara nyingi mwaka wa kwanza ni rahisi, wa pili unapanda, na fedha hukatwa zenyewe kwenye kadi kama hukukataa mapema. Wala tusiweke kinga mbili zifanye kazi pamoja. Zitagombana na mashine itakwama.

Na za bure je? Nyingine ni nzuri, lakini tuulize anayezitoa anakula wapi. Programu ya kinga husoma kila faili; ni mlinzi mwenye funguo zote za nyumba. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya Avast kulipa dola milioni 16.5, baada ya kuishtaki kwamba ilikusanya habari za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea mtandaoni, kisha ikaziuza kupitia kampuni yake ndogo ya Jumpshot. Watu walitafuta ulinzi, wakauzwa.

Mbaya kuliko zote ni ile ya wizi, inayowekwa vibandani kwa shilingi chache. Maelezo yake aghalabu huanza kwa kusema: zima kinga yako kwanza. Huyo ni mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia! Hali kadhalika tangazo linalotokea ghafla kwenye kioo likipiga kelele kwamba kompyuta yako imejaa virusi, piga namba hii. Huo ni ulaghai. Funga ukurasa, usipige.

Flashi iliyotoka kwenye kibanda cha kuchapisha ipimwe kabla ya kufunguliwa. Watoto wafunguliwe akaunti yao, isiyo na ruhusa ya kuweka programu. Na kwa kuwa hakuna kinga inayokamata vyote, daftari la wanachama linakiliwe kila Ijumaa kwenye diski ya nje yenye neno la siri. Diski hiyo ichomolewe mara kazi inapokwisha, kwa sababu ikiachwa imechomekwa nayo itafungwa pamoja na mashine, kisha ihifadhiwe katika sanduku la ofisi pamoja na vitabu vya risiti. Mwenyekiti na mtunza hazina kila mmoja awe na ufunguo wake.