Jua la Ghuba na Haki ya Mfanyakazi Mgeni

Mtu wa pwani yetu anayepanda ndege Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Juni hutoka katika majira ya kusi, wakati pepo zimekwisha kulituliza joto la kaskazi, na mwenzake wa Eldoret au wa Mbeya hutoka katika baridi iliyo kali zaidi. Na baada ya saa chache tu wote wawili hushuka Doha, katika nchi ambayo wakati uo huo ndiyo kwanza inaingia miezi yake mikali, ambapo joto la mchana huvuka nyuzi 40 na usiku nao hauleti nafuu kubwa. Mgeni huyu aghalabu huambiwa avumilie, maana mwili utazoea. Mwili utazoea, hilo ni kweli; lakini kuzoea huko kuna muda wake, na muda huo una hifadhi ya sheria ambayo wengi hawakuelezwa na wakala aliyewasafirisha, nayo ndiyo nitakayoibainisha hapa kwa upande wa Qatar, ambako Wakenya na Waganda wengi wameajiriwa katika ulinzi, ujenzi na upelekaji wa vyakula.

Kabla ya sheria, ni lazima kwanza tuufahamu mwili. Waganga wanakubaliana kwamba mtu mzima mwenye siha huhitaji baina ya siku 7 na 14 za kufanya kazi katika joto, kidogo kidogo, ili mwili ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi, usipoteze chumvi nyingi katika jasho hilo, na moyo ufanye kazi yake bila ya kuelemewa. Idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini imeona kwamba karibu nusu ya vifo vya wafanyakazi vinavyoletwa na joto hutokea siku ya kwanza kazini, na zaidi ya 7 katika kila 10 hutokea ndani ya juma la kwanza. Na kwa sababu hiyo wataalamu wa huko hushauri kwamba mgeni apewe siku ya kwanza sehemu 1 tu katika 5 ya kazi ya joto, kisha aongezewe sehemu kama hiyo kila siku. Msomaji na aizingatie hesabu hii, kwani maana yake ni kwamba anayefikwa na mauti aghalabu si mzembe, bali ni mgeni mwenye bidii anayetaka kumthibitishia msimamizi wake kwamba hakukosea kumwajiri.

Qatar ilikuwa na katazo la kazi za mchana tangu mwaka 2007, lakini lilikuwa la saa chache na la miezi michache. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Thessaly cha Ugiriki waliwapima wafanyakazi wakiwa katika kazi zao, na baadaye ukatoka uamuzi wa waziri nambari 17 wa mwaka 2021, ambao kila anayekwenda huko yampasa aujue kama anavyolijua jina lake. Kwa uamuzi huo, tangu tarehe 1 Juni hadi tarehe 15 Septemba, ni marufuku kumfanyisha mtu kazi ya nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Na mwajiri analazimika kuibandika ratiba ya kazi mahali panapoonekana na kila mtu, ambapo utazikuta saa hizo zimeandikwa 10:00 na 15:30. Marufuku hii haiwahusu wajenzi peke yao, kwani inawagusa hata wanaopeleka vyakula kwa pikipiki.

Lakini saa si jambo kubwa kuliko yote katika uamuzi huo. Lililo kubwa ni kwamba kazi haina budi kusimamishwa, iwe saa yoyote ya siku, pindi kipimo maalumu kinapovuka nyuzi 32.1. Nyuzi hizi zisichanganywe na zile zinazotajwa katika habari za hali ya hewa, kwani kipimo hiki hukusanya pamoja joto la hewa, unyevunyevu, ukali wa jua na mwendo wa upepo, na kwa hiyo siku ya Agosti yenye mvuke mzito kutoka baharini, ambayo simu yako inakuonyesha nyuzi 38 tu, yaweza kuwa na hatari kubwa kuliko siku kavu ya nyuzi 45, kwa sababu jasho lisilokauka halimpozi mtu. Basi unayo haki ya kuuliza, tena bila ya kuona haya, kipimo cha leo ni ngapi na ni nani aliyekichukua. Mwajiri anatakiwa pia atoe maji baridi ya kunywa bila ya malipo, awe na mahali pa kivuli pa kupumzikia, awape watu wake nguo nyepesi za kazi zinazofaa kwa joto, awafundishe kabla ya majira kuanza namna ya kuzitambua dalili, na awapeleke kila mwaka kupimwa afya kwa gharama yake.

Sasa tufike kwenye haki ambayo nadhani ndiyo roho ya sheria yote hii. Mfanyakazi mwenye sababu ya maana ya kuamini kwamba joto linahatarisha usalama wake au afya yake anaruhusiwa kuiacha kazi ile kwa wakati ule, na kupeleka malalamiko yake wizarani. Uamuzi umewekwa mikononi mwa yule anayeumia, haukuachiwa nyapara. Hata hivyo haki hii ina adabu zake, na mgeni akizikosa hujitia matatani. Usiondoke kazini ukaenda kambini, kwa maana kutoonekana kwako kwaweza kugeuzwa shtaka la kutoroka. Nenda kivulini, mwambie msimamizi mbele ya mwenzako kwamba umesimama kwa ajili ya joto, kisha papo hapo mwandikie maneno yale yale kwa simu, ukitaja saa, mahali na hali uliyo nayo, upate kuwa na maandishi yenye tarehe. Piga picha ya pipa la maji lililo tupu, au ya ratiba isiyofuatwa. Mashahidi wawili na ujumbe mmoja wa simu vina uzito kuliko kilio kikubwa kinachotolewa mwezi mmoja baadaye.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kupepesuka, au ngozi yake ikiwaka moto na akili ikimpotea, hapo si wakati wa kuandika: mtie maji mwili mzima, mpepee, na pigeni 999. Daktari akimwona, ombeni karatasi inayotaja kwamba ugonjwa ulimpata kazini. Naisisitiza karatasi hii kwa sababu sheria ya kazi ya Qatar, nambari 14 ya mwaka 2004, inampa aliyedhurika kwa ajili ya kazi matibabu kwa gharama ya mwajiri, na mshahara kamili muda wa matibabu hadi miezi 6, kisha nusu mshahara. Ilhali mgonjwa wa kawaida, tena aliyekwisha kutimiza miezi 3 kazini, hupata mshahara kamili kwa majuma 2 tu na nusu yake kwa majuma 4 yanayofuata. Tofauti baina ya hali hizo mbili mara nyingi hutokana na sentensi moja ya daktari.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, inamruhusu mfanyakazi kuvunja mkataba kabla ya muda wake bila ya notisi, na kiinua mgongo chake kikabaki kamili, ikiwa kuendelea na kazi kunahatarisha usalama au afya yake na mwajiri, hali ya kuwa anaijua hatari hiyo, hakuiondoa. Yatazame vizuri maneno ya kuijua hatari: asiyekuwa na ujumbe unaothibitisha kwamba mwajiri aliarifiwa atapata tabu kukitumia kifungu hiki. Anayetaka tu kuhamia kwa mwajiri mwingine anaweza kufanya hivyo bila ya ruhusa ya yule wa kwanza, tangu mabadiliko ya mwaka 2020, kwa notisi ya mwezi 1 ikiwa hajatimiza miaka 2. Na pasipoti ni yako. Kuizuia ni kosa kwa sheria nambari 21 ya mwaka 2015.

Watumishi wa nyumbani wana sheria yao mbali, ya mwaka 2017, inayoweka kazi isizidi saa 10 kwa siku na siku moja ya mapumziko kila juma. Kwa jirani za Qatar saa za katazo la kazi za nje mchana hutofautiana: Oman ni saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 na nusu, kuanzia Juni hadi Agosti, Saudia ni saa 6 hadi saa 9, na Falme za Kiarabu saa 6 na nusu hadi saa 9, zote mbili tangu tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba, Kuwait ni saa 5 asubuhi hadi saa 10 alasiri, Juni hadi Agosti.

Limebaki la jamaa walioko nyumbani. Mkataba uachwe nakala kwa mtu mwaminifu kabla ya safari. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, itakuja habari ya kifo na hati ikasema tu kwamba moyo ulisimama, msiipokee hati hiyo kuwa ndiyo mwisho wa kadhia: ulizeni kwa maandishi, kupitia ubalozi, marehemu alikuwa akifanya kazi gani, saa ngapi na mahali gani, na ombeni ripoti ya polisi na ya hospitali, kwa kuwa warithi wa aliyekufa kwa sababu ya kazi wanastahiki fidia, na haki ya kuidai hupotea mwaka 1 ukipita tangu siku ya kifo.