Mwaka wa Huduma katika Chama cha Msingi

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo vyama vingi hulifanya, lakini vichache hulifanya kwa utaratibu. Jambo lenyewe ni kazi za kujitolea kwa manufaa ya watu wote wa mahali, pamoja na michango inayozisaidia kazi hizo na udugu unaozaliwa humo. Makatibu wanaombwa kulisoma mbele ya wanachama kabla ya Mkutano Mkuu wa mwaka. Ndipo makisio yanapopitishwa, na ndipo ahadi za kusaidia zahanati na shule zinapotolewa kwa makofi na kusahauliwa kabla ya palizi.

Wako wanachama wanaouliza kama chama cha kuuza korosho kina haja gani ya kujishughulisha na paa la zahanati. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika misingi ya ushirika. Waasisi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walitenga sehemu ya ziada yao kwa ajili ya elimu, ingawa wao wenyewe walikuwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 1995, wanaushirika wa dunia walipokutana Manchester, msingi wa saba uliandikwa waziwazi: kujali jamii. Lakini msingi huo unasema pia kwamba kazi hiyo ifanywe kwa sera zilizokubaliwa na wanachama. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, na ndiyo kiini cha somo hili.

Mfano wa vilabu vya huduma

Yafaa kwanza kutazama watu ambao kazi yao nzima ni kujitolea. Mwaka 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, wakili Paul Harris na wenzake watatu walianza kukutana kwa zamu katika ofisi zao; kwa sababu ya kuzunguka huko chama chao kikaitwa Rotary. Mwanzo walitaka urafiki tu. Baada ya muda mfupi wakaona kwamba urafiki usio na kazi hauna nguvu, nao wakashiriki kuupatia mji ule vyoo vya umma. Klabu ya namna hiyo ilifunguliwa Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949. Vilabu vya Lions, vilivyoanzishwa na Melvin Jones mwaka 1917 katika mji ule ule wa Chicago, navyo vimeenea Afrika Mashariki.

Mwanaushirika wa Masasi au Newala hana haja ya kuiga mavazi wala karamu za vilabu hivyo, ambavyo aghalabu ni vya watu wa mjini wenye nafasi. Lakini taratibu zao tatu zinafaa kuchunguzwa.

Kwanza, mwaka wao una mwanzo na mwisho. Huanza tarehe 1 Julai. Viongozi wapya hushika kazi siku hiyo, na baada ya miezi kumi na miwili huwakabidhi wengine. Kila kiongozi anajua kwamba kazi aliyoianza ataikabidhi mbele ya macho ya watu.

Pili, fedha zao ni za mafungu mawili yasiyochanganywa. Ada za wanachama ndizo zinazoendesha klabu, yaani karatasi, chai na nauli. Fedha zilizochangwa kutoka kwa watu wa nje hurudi zote kwa watu. Katika vilabu vya Lions hii ni amri: senti iliyotolewa na umma hainunui hata kikombe cha chai cha mkutano. Mbio za hisani za Rotary jijini Dar es Salaam, zilizoanza mwaka 2009 na kufungamanishwa na Siku ya Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba, hukusanya watu kwa maelfu kwa sababu mkimbiaji huambiwa mapema fedha zake zinakwenda wapi.

Tatu, hukutana mara kwa mara hata pasipo na kazi ya kufanya. Juu ya hili maelezo yatafuata.

Vilabu hivyo vilikuwa na kosa lake pia. Rotary iliwafungia wanawake mlango hadi mwaka 1989, ilhali wake wa wanachama walikuwa wakifanya sehemu kubwa ya kazi. Vyama vyetu visicheke haraka. Ni mara ngapi jina la mume peke yake limo katika rejesta kwa kuwa mikorosho imeandikwa kwake, na siku ya kujenga ni mke anayebeba maji na mchanga? Anayefanya kazi bila kuwa na kura hatafanya kwa moyo mwaka hata mwaka.

Kujitolea si jambo geni kwetu

Mwaka 1935 daktari Leader Stirling aliletwa na misheni ya UMCA hadi Lulindi, wilayani Masasi. Hospitali iliyokua hapo ilikuwa na majengo ya miti, udongo na nyasi, yaani vifaa ambavyo wenyeji walivijua na waliweza kuvitengeneza vinapoharibika. Daktari huyo baadaye alikuwa Mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Jina lake linakumbukwa kwa haki. Lakini mtu mmoja hajengi hospitali porini. Iko mikono iliyokata miti na kuezeka, na hakuna daftari linaloitaja.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 watu wa Tanganyika walijitolea kwa wingi mno. Madarasa, zahanati na barabara zilijengwa kwa nguvu za wananchi, hata Serikali ikaelemewa, kwa kuwa majengo yaliongezeka kuliko walimu, waganga na dawa zilizokuwapo. Bidii haikupungua popote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya tofali la kwanza, nani atafanya kazi ndani ya jengo hilo na nani atalitunza.

Somo la maji ni chungu zaidi. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, na vizazi kwa vizazi wanawake wameteremka mabondeni kuchota na kupanda tena na mzigo kichwani. Katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kupandisha maji kwa mashine. Tangu miaka ya 1970 Ufini ilisaidia sana visima na pampu za mkono katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo pampu iliyogharimu fedha nyingi iliweza kunyamaza kwa kukosa kipuri kidogo, kwa sababu siku ya kufungua kisima ngoma zilichezwa na hotuba zikatolewa, lakini hapakuwekwa fungu la kipuri.

Hesabu ya mwaka mmoja

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue chama cha kubuni chenye wanachama 400, kilichoamua kuipatia zahanati ya kijiji mifereji ya paa na tangi la maji ya mvua. Tuseme fundi amekadiria vifaa kuwa shilingi 6,000,000. Bodi, kwa kuwa imejifunza habari za pampu, imeongeza shilingi 300,000 za matengenezo ya miaka ya kwanza. Jumla inayotakiwa ni shilingi 6,300,000.

Nguvu za watu nazo zihesabiwe. Watu 60 wakifanya kazi siku 10 ni siku za kazi 600. Kila siku ikithaminiwa shilingi 5,000, mchango huo ni shilingi 3,000,000. Katibu aandike majina yao katika daftari la pekee. Mkulima asiye na fedha taslimu mwezi wa Februari anaweza kuwa ametoa zaidi ya mfanyabiashara aliyetajwa jina kwenye kipaza sauti, na daftari ndilo litakalomtetea.

Sasa fedha. Wanachama wote 400 wameahidi shilingi 10,000 kila mmoja, yaani 4,000,000. Waliolipa ni 260, kwa hiyo zimepatikana 2,600,000. Katika siku ya harambee, yenye ngoma na mchezo wa mpira, zimepatikana 1,150,000. Mkutano Mkuu umeidhinisha 1,500,000 kutoka katika ziada. Jumla ni 5,250,000. Pengo ni shilingi 1,050,000, na fundi amekwisha kuanza kazi.

Hapa ndipo chama kinapopimwa. Zipo njia mbili zinazovutia, na zote mbili ni mbaya. Njia moja ni katibu kuchukua kiasi hicho katika ushuru wa chama uliotengwa kulipia walinzi na usafirishaji, akisema kitarudishwa baada ya wiki mbili. Fedha zilizokisiwa kwa kazi moja haziendi kwenye kazi nyingine bila idhini, hata kama kazi hiyo ni njema. Wema wa kazi ndio unaolifanya kosa hili kuwa la hatari, maana hakuna anayethubutu kulikemea mpaka siku walinzi wanapokosa mshahara na korosho zinapolowa ghalani.

Njia nyingine ni kuweka makato, tuseme shilingi 20 kwa kila kilo. Wanaoitetea wana hoja, nayo isikilizwe: mwenye kilo 2,000 atatoa 40,000, na mwenye kilo 100 atatoa 2,000, kila mtu kwa uwezo wake. Lakini mtumishi na mwenye duka, ambao watoto wao watatibiwa pale pale, hawatatoa kitu. Tena makato yasiyopigiwa kura na Mkutano Mkuu na kupitia kwa Mrajis si mchango. Mkulima wa mikoa ya kusini amezoea kuona bei ikitangazwa na kisha ikimegwa kabla haijamfikia. Ukimwongezea mmego mmoja bila kumwuliza, hata ukiuita huduma kwa jamii, ataanza kuuza kangomba, yaani kwa mlanguzi wa njiani, na chama kitakosa korosho pamoja na tangi.

Ikumbukwe pia kwamba msimu hautabiriki. Mwaka 2018 Serikali ilichukua kazi ya kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya bei za minada kukataliwa, na wakulima wengi walingoja malipo yao kwa miezi. Chama kilichoahidi paa la zahanati kwa kutegemea malipo ya Novemba kingefanya nini mwaka ule?

Njia iliyo sawa haina fahari. Kazi isimamishwe kwenye hatua isiyoharibika. Fundi aitwe, aulizwe tangi dogo litapunguza kiasi gani. Wanachama 140 ambao hawakulipa wafuatwe kwa heshima, nyumba kwa nyumba. Kila mmoja aulizwe kama anaweza kutoa fedha, au siku mbili za kazi, au hawezi kabisa, na jibu lake lipokelewe. Mgonjwa na mjane wasiaibishwe kwa kusomwa majina mkutanoni. Hesabu ibandikwe ubaoni kama ilivyo, pengo likionekana. Pengo lililotangazwa huvuta mchangiaji. Likifichwa huvuta uvumi.

Stakabadhi itolewe kwa kila mchango, hata wa shilingi 500. Fedha za huduma ziwe na daftari lao na akaunti yao, na watia sahihi mmojawapo awe mtu asiye mjumbe wa Bodi. Serikali ya kijiji na mganga wa zahanati wahusishwe tangu mwanzo, kwa kuwa jengo ni lao. Na mchango wa shule usikusanywe kwa kumrudisha mtoto nyumbani; tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne katika shule za Serikali haina ada, na mchango wa hiari lazima ubaki kuwa wa hiari.

Udugu

Wapo makatibu wanaoona kwamba mikutano isiyo na fedha ndani yake ni kupoteza wakati. Lakini wale 260 waliolipa hawakulipa kwa kuogopa barua. Walilipa kwa sababu mwenyekiti alifika matangani kwao, au kwa sababu walilima pamoja siku ya ujima, au walikunywa uji wa sufuria moja walipokuwa wakichimba msingi wa tangi. Chama kinachoonana na wanachama wake siku ya mnada tu, wakati kila mmoja ana wasiwasi na mizani, hakiwezi kuwaomba kitu mwezi wa Machi.

Kwa hiyo kalenda ya huduma ifuate kalenda ya shamba. Ahadi za fedha zikusanywe karibu na malipo ya korosho. Kazi za mikono ziepuke siku za kupuliza salfa na siku za kuokota. Kiangazi baada ya mavuno ya chakula, watu wanapokuwa na nafasi na sherehe za jando na unyago ziko karibu, ni wakati mwema wa mkutano wa chai na taarifa, mradi usigongane na sherehe zenyewe. Katibu akiitisha mkutano siku ya kuwatoa wari, atahutubia viti.

Kwa majadiliano ya vikundi

Wanachama wajadili: Katika chama chao, ni kazi gani ya kujitolea iliyomalizika katika miaka mitano iliyopita, na nani anaitunza leo? Ikiwa hakuna anayeitunza, gharama ya kuifufua ni kiasi gani? Je, katika hesabu zilizosomwa mwaka jana, fedha za michango zilionekana peke yake au zilichanganywa na ushuru? Wanawake wangapi walifanya kazi hizo, na wangapi kati yao wamo katika rejesta? Kikundi kiandike pia, kwa tarakimu, namna kingeziba lile pengo la shilingi 1,050,000 bila kugusa fedha za mazao. Majibu yaletwe Mkutano Mkuu pamoja na makisio.