SOMO LA AFYA: ZAMU YA MUUGUZI BAADA YA KUPANDIKIZWA MOYO

Tarehe 3 Desemba 1967, hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mgonjwa alipandikizwa moyo wa mtu mwingine kwa mara ya kwanza duniani. Sifa zilimwendea daktari, Christiaan Barnard. Lakini baada ya operesheni, mlinzi ni muuguzi.

Moyo uliopandikizwa umekatwa mishipa ya fahamu. Hata mgonjwa akipumzika, hupiga mara 90 hadi 110 kwa dakika. Ukipiga polepole mno, dawa ya atropini kwa kawaida haisaidii. Huendeshwa kwa nyaya za umeme za muda. Mapigo yakivurugika, huenda mwili unaukataa moyo mgeni: daktari aitwe mara moja.

Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu ya kifua. Jicho la muuguzi ndilo kengele. Wauguzi wakipunguzwa katika zamu, kengele hiyo hunyamaza.