Somo la Mapatano: Kumwendea Ndugu Aliyekukosa

Someni Mathayo 18:15–17 na 5:23–24.



Ugomvi huingia hata katika nyumba ya Mungu. Ndugu wawili walioketi pamoja ibadani Jumapili hugombania mpaka wa shamba Jumatatu, na kabla ya jua kuchwa majirani wote wamekwisha kuzipata habari. Bwana wetu alijua ya kuwa mambo hayo yatatokea kati ya wanafunzi wake. Kwa hiyo aliwapa utaratibu wa kuyamaliza.

Kwanza, aliyekosewa amwendee mwenziwe, wawili peke yao. Wengi hushangaa hapo, maana tumezoea kumngojea mkosaji aje. Lakini Bwana ampeleka mwenye jeraha, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye anapoumia. Pengine mwenziwe hana habari. Wala mkosaji asikae kitako. Katika Mathayo 5 aagizwa aiache sadaka yake madhabahuni, aende kupatana kwanza. Basi wote wawili wametumwa; wakitii, watakutana njiani. Ila aliyepigwa au atishwaye asilazimishwe kwenda peke yake. Huyo wazee wamsimamie.

Pili, asiposikia, wachukuliwe mtu mmoja au wawili. Hao si wa kuongeza nguvu upande mmoja, bali ni mashahidi wa kuyapima maneno ya pande zote. Tatu, ndipo kanisa liarifiwe. Asipolisikia hata kanisa, huhesabiwa kuwa mtu wa nje. Lakini tukumbuke jinsi Bwana alivyowatafuta watu wa nje.

Kosa letu ni kuanzia mwisho. Twaanzia kwa wazee, au vibaya zaidi, kisimani na sokoni. Amri ya nane, kama Martin Luther alivyoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, yakataza kumsengenya jirani, tena yataka tumtetee na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Neno lililosemwa kati ya wawili, hao wawili waweza kulimaliza. Lililomwagwa sokoni, nani atalizoa? Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Huko Kilimanjaro Wachagga wanao mmea uitwao isale. Hupandwa mipakani kuwa alama ya shamba. Tena mtu aombaye msamaha hulipeleka jani lake kwa yule aliyemkosa. Mmea ni mmoja, kazi zake ni mbili. Tujifunze hapo ya kuwa mapatano hayaung'oi mpaka. Kumbukumbu la Torati 19:14 lakataza kuisogeza alama ya jirani. Mtu aliyeingia hatua tatu katika shamba la mwenziwe, akaomba msamaha huku migomba yake ingali imesimama mle, hajapatana, amenyamazisha tu. Zakayo hakuleta maneno matupu, bali aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Luka 19:8).

Naye aliyerudishiwa haki yake asifuge kinyongo. Katika Mathayo 18:23–35 mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi alimkaba mwenziwe kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja. Basi deni la mwenziwe lilikuwa la kweli, si dogo. Bwana hasemi ya kuwa tumekosewa kidogo. Atuonyesha tu ya kuwa tumesamehewa zaidi.

Walimu, wakati wa mafundisho waulizeni watu maneno haya:

1. Kwa nini Bwana aanza na wawili peke yao?
2. Mtu aombaye msamaha yampasa kurudisha nini?
3. Yuko nani ambaye umemsema kwa wengine, nawe hujamwendea mwenyewe?

Swali la tatu lisijibiwe kwa kinywa mbele ya watu. Kila mtu alijibu kwa miguu yake, kabla ya kuijia Meza ya Bwana.