Maandalizi ya Uzazi: Tusimsahau Mama

Katika semina za wachumba mimi hupewa saa moja ya kuzungumzia afya. Swali la kwanza huwa lile lile kila mwaka, nalo huulizwa na kijana wa kiume aliyeketi nyuma: "Sista, mke wangu aanze kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi?" Hujibu kwamba aanze mara anapojitambua kuwa mja mzito, wala asisubiri ivuke wiki ya 12. Wote huandika. Nikiongeza kwamba maandalizi yenyewe huanza kabla mimba haijaingia, kalamu zinasimama.

Sisi wa Gairo ni wakulima, basi tuhesabu miezi. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Harusi nyingi hufungwa baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula na fedha. Bibi harusi wa Julai akishika mimba mwezi huohuo, atajifungua Aprili. Maana yake ni kwamba miezi ambayo mtoto tumboni anakua upesi na kudai chakula zaidi inaangukia Januari hadi Machi, ghala likiwa limepungua na mama yuko shambani anapalilia. Uchungu nao unamkuta wakati barabara za milimani, kama kule Nongwe, ni matope. Simkatazi mtu kuoa Julai. Ninachoomba ni kwamba wakati wa kuuza mazao, debe la maharage na karanga kidogo vitengwe kwa ajili ya mama, visiuzwe vyote.

Kuna jambo jingine ambalo halisubiri kliniki. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki 4 za kwanza za mimba, yaani kabla mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Mama akipungukiwa vitamini iitwayo foliki asidi, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana wataalamu hushauri mwanamke anayetazamia kushika mimba ameze mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Ulizeni zahanati au hospitali. Tangu mwaka 2011 sheria zetu zinawataka wenye viwanda vikubwa waongeze virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi, lakini mahindi tunayopeleka wenyewe kwenye mashine ya kijijini hayaongezwi kitu. Basi mboga za majani zisikosekane: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga. Na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma. Anayetamani kula udongo asionewe haya. Apimwe damu, huenda imepungua.

Bwana na bibi wapime pamoja virusi vya ukimwi na kaswende kabla ya mimba. Waliokwisha pata mtoto wampe mama nafasi ya miaka 2 kabla ya mimba nyingine. Wanaotumia njia za asili wajifunze vizuri kwa mwalimu, si kwa kubahatisha. Mipango ya safari ya hospitali mnaifahamu: fedha kidogo kidogo, mtu wa kutoa damu, mtu wa kubaki na watoto. Namba 115 hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Ni mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Iandikeni ukutani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto akishazaliwa, macho yote humgeukia yeye. Kuku anachinjwa, jina linatafutwa, wageni wanamshika mtoto kwa zamu. Mama amelala upande wa ukutani, na anayemuuliza hali yake hutosheka na neno "nzuri".

Mimi mwenyewe nilipozaa mtoto wa kwanza nilikuwa tayari nimehitimu diploma ya uuguzi. Siku ya nne nilianza kulia bila sababu. Maziwa yalikuwa yamejaa na kuuma, sikuwa nimelala, na kila mtoto alipolia niliona kama ananilaumu. Nilikuwa nimewafundisha akina mama wengi kuhusu hali hiyo, lakini sikuthubutu kumwambia mtu, nisije nikaitwa mama asiyempenda mwanawe. Baada ya siku chache ilitoweka. Huwapata wanawake wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2.

Isipoisha, hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Hali chakula, halali hata mtoto akilala, haoni furaha, anasema afadhali asingekuwepo. Jamaa husema ni mvivu, au amerogwa, na fedha zinakwenda kwa mganga. Mleteni hospitali. Na mama anayesikia sauti, au anayesema mtoto huyu si wake, aletwe siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake na mtoto.

Niseme pia juu ya kukandwa. Najua bibi zetu wana nia njema, ila tumbo la uzazi halirudi kwa maji ya moto. Hurudi lenyewe, na mtoto anaponyonya hulisaidia kujikaza. Mama husikia maumivu kidogo tumboni wakati wa kunyonyesha kwa sababu hiyo. Maji ya kuchemka huunguza ngozi, na kukandamiza kwa nguvu kidonda cha upasuaji ni hatari kubwa. Bibi amwogeshe mzazi kwa maji ya uvuguvugu, amsugue mgongo, wazungumze. Hilo ninaliunga mkono kabisa.

Siku za uzazi zina hatari zake. Damu nyingi inayolowesha kitambaa upesi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hakuna kusubiri arobaini iishe. Hata mama aliye mzima aonwe na mhudumu ndani ya saa 24, tena siku ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Nchini kwetu vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Baadhi ya waliobaki katika hesabu hiyo walikwisha kuwaona watoto wao.

Wachumba wakiniuliza wanunue nini, hunitarajia nitaje beseni na nguo za mtoto. Mimi huwauliza: nani atachota maji kwa wiki 6? Andikeni jina lake kabla ya harusi. Kijana mmoja wa nyuma aliwahi kuandika jina lake mwenyewe, wenzake wakamcheka. Mwaka uliofuata, mkewe akiwa na mtoto wa wiki moja, nilikutana naye njiani na baiskeli yake, madumu manne nyuma.