Somo: Siku ya kwanza kwa munganga wa magonjwa ya akili



Katika ziara zetu tunaulizwa mara nyingi: «Tukimpeleka ndugu yetu kwa munganga wa akili, watamfanya nini?» Wengine wanafikiri atafungwa kamba na kupigwa sindano ya usingizi. Wengine wanaogopa jina la «mwenda wazimu» litakaloshika familia nzima. Kwa woga huo mgonjwa anakaa hemani miezi mingi, au anafungwa minyororo katika chumba cha maombi. Kuomba ni vizuri, lakini mnyororo hauponyi mtu.

Nani atakupokea? Waganga wa magonjwa ya akili ni wachache sana katika Kongo, na wengi wako mijini. Goma watu wanajua kituo cha Tulizo Letu, Bukavu wanajua SOSAME. Vijijini na kambini, unaweza kumkuta muuguzi wa kituo cha afya aliyefundishwa kazi hiyo. Usione kwamba umedharauliwa. Anaweza kuanzisha matunzo, na shida ikipita uwezo wake atakutuma mbele.

Sehemu kubwa ya siku hiyo ni mazungumzo. Atauliza: unalala namna gani? Unakula? Kazi zako bado unaziweza? Shida ilianza lini, mbele ya kukimbia au nyuma? Kuna sauti unazosikia ambazo wengine hawazisikii? Umewahi kuanguka kifafa au kupigwa kichwani? Ataulizia pia kasiksi, kanyanga na bangi. Si kwa kukushitaki: dawa zingine hazipatani na pombe. Mambo ya vita, au ya kunajisiwa, halazimishi mtu kuyaeleza siku ya kwanza. Unaweza kusema: «Hilo bado siwezi kulisema,» na inatosha.

Anaweza pia kupima joto, damu na malaria. Malaria ikipanda kichwani inamfanya mtu aseme maneno yasiyoeleweka. Mtu aliyebadilika hivyo ghafla, tena ana homa, asingoje randevu: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna swali moja linaloshtua familia: «Umefikiri kujiua?» Nililijifunza kwa aibu. Nilimsindikiza mama mmoja kutoka Masisi ambaye hakujua Kiswahili vizuri, nikawa mtafsiri wake. Alijibu kwa Kihunde kwamba anataka kufa. Mimi, kwa kumheshimu mbele ya shemeji yake, nilitafsiri: «Anasema amechoka.» Muuguzi alitazama machozi ya yule mama, akamwomba shemeji atoke nje, akaniambia: «Rudia neno alilosema, si lile unalopenda wewe.» Kama asingeniuliza tena, tungerudi na vidonge vya kichwa tu. Kwa hiyo, wewe unayetafsiri, usilainishe maneno. Na swali hilo halimtii mtu wazo la kufa; wengi wanapata nafuu kwa kuulizwa. Mgonjwa ana haki pia ya kuomba abaki peke yake na munganga.

Usitazamie jina la ugonjwa siku ile ile, wala usifikiri kila mtu anapewa dawa. Kumlilia mtoto uliyemzika njiani si wazimu. Lakini dawa ikiandikwa, uliza: inanywewa saa ngapi, inaleta usumbufu gani, bei yake ni nini, na ikiisha nitaipata wapi? Dawa za huzuni kubwa huchukua majuma kadhaa mbele ya kusaidia, na siku za kwanza zinaweza kuleta usingizi au kukausha kinywa. Wengi wanaziacha hapo wakisema hazifai. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kurudisha kifafa kwa nguvu. Ndani ya hema moja, mtu mmoja azishike, mbali na watoto, na mbali na mgonjwa mwenyewe kama amesema anataka kufa.

Mbele ya kwenda, beba karatasi zote za zamani na dawa anazokunywa, hata zile za miti. Aende na mtu anayelala karibu naye, kwa sababu huyo ndiye anayejua usiku unavyopita. Atakapoulizwa mgonjwa, msindikizaji asimjibie.

Neno kwa viongozi. Msiulize kilichosemwa ndani, na msiandike ugonjwa wa mtu kwenye liste ya kambi. Lakini ulizeni siku ya randevu ijayo, kwa maana mara nyingi inaangukia siku ya kugawa chakula, na hakuna mama atakayeacha unga wa watoto aende kuzungumza na munganga. Mpangeni jirani wa kumpokelea, na mwambieni mapema anayegawa, ili mama akirudi jioni akute jetoni yake haijafutwa.