Juma Moja Darasa la Kwanza: Sauti Moja Inapokosekana

Mzazi apitaye nje ya chumba cha Darasa la Kwanza huwasikia watoto wakiimba silabi kwa pamoja, akadhani ni nyimbo tu. Kumbe ndani ya sauti hizo mna ngazi inayojengwa, kila siku kipandio kimoja. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la I na la II ulipangwa upya ili stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, zitangulie. Mfano ufuatao wa juma moja unaonesha jinsi ngazi hiyo inavyopandwa, na hasara ampatayo mtoto anayekosa siku moja tu.

Jumatatu. Watoto wamekwisha kuzijua irabu a, e, i, o, u. Mwalimu huwafundisha sauti ya m, kisha huiunganisha na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Vidole huchora herufi hewani, kisha mchangani, ndipo penseli ishikwe. Kabla ya kengele, darasa husoma mama, mimi na umeme.

Jumanne. Huja sauti ya k. Ikiungana na ya jana, huzaa kaka, kuku na kima. Katika Kuhesabu, visoda humwagwa mezani: vitatu ukiongeza viwili huwa vitano. Mtoto hushika kwanza; 3 + 2 = 5 huandikwa baadaye.

Jumatano. Ni zamu ya l: la, le, li, lo, lu. Sasa maneno hurefuka: lima, kilima, kalamu. Lakini iwapo ni siku ya gulio, nafasi kadhaa madawatini hubaki wazi. Huyu ameachwa nyumbani kumlea mdogo wake. Yule amefuatana na mama kubeba mizigo.

Alhamisi. Sauti ya t huongezwa: tatu, tamu, kata. Mwalimu hutoa imla, nao watoto huandika wanachosikia.

Ijumaa. Ubaoni huandikwa sentensi nzima: Kaka alileta kalamu tatu. Aliyehudhuria siku zote huisoma, tena huweza kueleza nani alileta nini. Aliyekosa Jumatano husoma “kaka”, hukwama, kisha husoma “tatu”. Maneno mawili kati ya manne yamempotea, na pamoja nayo maana yote. Mtoto huyu si mzito wa kuelewa. Ni sauti moja tu ambayo haikumfikia. Baya zaidi, huanza kufuata midomo ya wenzake, na katika darasa lenye watoto wengi si rahisi pengo lake kuonekana mapema. Jumatatu inayofuata huja silabi mpya, wala l haimsubiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Shule za msingi za Serikali hazitozi ada. Sare, madaftari na chakula cha mtoto vimebaki kuwa wajibu wa mzazi, na mahudhurio ya kila siku ndiyo msingi wa yote. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria shule bila kukosa.

Wazazi na walezi wanahimizwa:

1. Kutomzuia mtoto nyumbani siku ya gulio au ya kazi za shamba.
2. Kumuuliza kila jioni, “Leo mmejifunza sauti gani?” na kumwachia aiandike, hata kwa kijiti ardhini. Mzazi asiyejua kusoma naye aweza kuuliza na kusikiliza.
3. Mtoto akiugua, kumjulisha mwalimu wa darasa, na siku ya kurudi kumwomba amrudishie sauti iliyompita.

Familia iliyokwama kwa sababu ya sare au madaftari isimfiche mtoto ndani. Imwone Mwalimu Mkuu au Afisa Elimu Kata mapema, kabla juma halijaisha.